Ndimi Mpya kwa Ilimba Kuukuu

Ilimba ilinifikia Manyoni ndani ya kiroba cha unga, imepandishwa mlima wa Saranda kwa basi kutoka Kintinku, na kijana aliyeileta alikuwa na swali moja tu: "Fundi, itakuwa shilingi ngapi?" Nikamwambia akae kwanza. Nikafungua kiroba. Sanduku lilikuwa zima, lina ufa mmoja mdogo pembeni ambao nta ingeutosha. Lakini upande wa juu ulisikitisha. Palipokuwa na ndimi 28 zilibaki 17, na kati ya hizo tatu zilikuwa misumari ya inchi nne ambayo mtu aliichomeka bila hata kuigonga, vichwa vyake bado vipo. Nikakwangua mmoja kwa kidole gumba. Ukatoa sauti ya mtu anayegonga sufuria kwa kijiko cha mti.

Kwa asiyeijua, ilimba ni marimba ya mkono ya Wagogo: sanduku la mbao lenye uwazi ndani, juu yake safu ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Katika mkoa wetu wa Singida utaisikia zaidi upande wa Manyoni, kwenye bonde linaloshuka kuelekea Bahi na Dodoma, maana mpaka wa mkoa haukumuuliza Mgogo anaishia wapi. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliitoa bondeni akaifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya na Japani. Hugh Tracey alipita na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950. Ila ilimba nyingi haziko jukwaani wala kwenye sahani za santuri. Ziko juu ya dari, nyuma ya magunia ya mtama, na ndimi zake zimeliwa na kutu au zimechomolewa na watoto wakatengenezea mitego ya panya.

Makala haya ni ya ndimi tu: uchague chuma gani cha kuziba pengo. Wengine huziita njiti, wengine vyuma. Mimi nasema ndimi kwa sababu ndizo zinazosema.

Kabla ya kutafuta chuma, usiguse kitu. Najua mkono unawasha. Ukishachomoa ndimi zote na kuzirundika kwenye sahani, umeshapoteza nusu ya kazi, kwa sababu kila ulimi ulikuwa na jirani yake, na umbali uliotokeza mbele ya daraja, yaani ukingo ambao ndimi zinaukalia, ndio kumbukumbu pekee ya sauti aliyoitaka mwenye chombo. Piga picha kwa simu, moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni. Chukua kipande cha boksi, ukiweke chini ya ndimi, uchore kwa kalamu ya risasi mahali kila ncha inapofika. Pengo nalo lichore. Mara nyingi mbao yenyewe itakuambia ulimi uliopotea ulifika wapi, maana chini ya ncha kidole hupasugua miaka na miaka, pakang'aa kama mpini wa jembe. Kwenye ile ya Kintinku niliona alama hizo saba, wazi kabisa, kwenye nafasi ambazo hazikuwa na kitu.

Kisha amua nani amekufa na nani amelala. Kutu ya juu si kifo. Ikwangue kwa msasa laini, ukunje ulimi kidogo kwa kidole, uuachie. Ukirudi palepale ulipokuwa, ni mzima. Ukibaki umeinama, hata kwa unywele, chuma kimechoka na hakitashika sauti hata ukiipandisha asubuhi na jioni. Angalia pia mahali ulimi unapokalia daraja. Hapo ndipo nyufa huanzia, na ufa hauonekani kwa urahisi, lakini unasikika: ulimi wenye ufa hutoa sauti mbili, moja ya kwake na nyingine kama nzi aliyenaswa kwenye chupa.

Sasa hesabu. Kama waliokufa ni wawili watatu, tafuta chuma kinachofanana na wale wazima. Kama wamezidi theluthi, ushauri wangu, na najua wapo mafundi watakaonipinga, ni kubadilisha zote na kuzihifadhi za zamani kwenye mfuko kama vielelezo. Sababu ni hii. Ulimi mmoja mzuri kupita wenzake ni kasoro. Utalia kwa muda mrefu kuliko jirani zake, utakuwa mgumu chini ya kidole, na mpigaji ataanza kuukwepa bila kujua. Nimewahi kusoma jinsi mafundi wa piano kubwa, zile za mabawa zenye funguo 88, wanavyofanya nyundo zinapochakaa. Hawanunui nyundo moja moja. Nyundo za seti moja hutoka kwenye mkanda mmoja mrefu wa sufu iliyoshindiliwa juu ya mbao, nene upande wa sauti za chini na nyembamba upande wa juu, kisha mkanda hukatwa vipande kama mkate. Hivyo nyundo ya kwanza na ya mwisho ni ndugu wa tumbo moja. Ilimba inataka jambo hilohilo, na sisi huku tunalo la bei rahisi zaidi: gurudumu la baiskeli.

Gurudumu la nyuma la baiskeli ya zamani ya inchi 28, zile Phoenix na Swala zilizobeba mkaa na madumu ya maji nchi hii nzima, lina spoku 40. Spoku moja ina urefu wa karibu sentimita 30. Ukikata kile kichwa kilichopinda na ile sehemu yenye nati, unabaki na kipande kinachotoa ndimi mbili ndefu au tatu fupi. Kwa hiyo gurudumu moja linatosha ilimba nzima na akiba juu, na spoku zote zimetoka kiwanda kimoja, zimevutwa kwa mashine moja, zimepigwa na jua lilelile. Nenda kwa fundi baiskeli, umwombe gurudumu lililopinda ambalo analitupa. Usimwambie ni la kazi gani mpaka mmalizane bei.

Spoku ya kawaida ina kipenyo cha milimita 2. Ukiigonga mpaka ibaki na unene wa milimita 0.8, itapanuka kufikia karibu milimita 4, upana unaotosha kidole gumba kwa ndimi fupi za pembeni. Kwa ndimi ndefu za katikati hiyo ni nyembamba mno; tafuta spoku za baiskeli ya mizigo ambazo kwa kawaida ni nene kidogo, au za pikipiki, milimita 3 na zaidi. Spoku ya milimita 3 ukiishusha hadi unene wa 1.2 inakupa upana wa milimita 5 na kitu. Hapo umepata ulimi unaojaa chini ya kidole.

Hapa nieleze kosa langu mwenyewe, kwa kuwa nililipia. Miaka kadhaa nyuma niliingia duka moja la vipuri nikaona spoku mpya zinang'aa kama vijiko vya harusi. Muuzaji akaapa ni chuma cha springi. Nikanunua pakiti nzima. Nyumbani nikazitia kwenye makaa ya jiko ili zigongeke kwa urahisi, zikawa nyekundu, nikazigonga zikatii kama udongo. Nilipomaliza nikazipasha tena na kuzitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikingoja ule ukali wa chuma kilichopikwa. Zikatoka laini kama waya wa kufungia nondo. Unazikunja, zinabaki zimekunjika, zinakutazama.

Ilikuwa stenlesi. Spoku ya stenlesi ugumu wake unatokana na kuvutwa ikiwa baridi kiwandani. Ukiipasha moto mpaka iwe nyekundu umeufuta ugumu huo wote, na hakuna maji wala mafuta yatakayourudisha. Chuma cha kawaida cha springi, chenye kaboni ya kutosha, ndicho kinachokubali kupikwa na kuzimwa. Kwa hiyo chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Chuma cha kaboni kitarukia sumaku. Stenlesi itashikwa kwa unyonge, au haitashikwa kabisa. Spoku za stenlesi si mbaya, zinafaa sana na hazishiki kutu, lakini zigonge baridi toka mwanzo hadi mwisho, pole pole, wala zisione moto hata wa kiberiti.

Msumari nao? Wazee wengi walitumia msumari, kabla spoku hazijawa taka za barabarani, na ilimba nyingi nzuri zimezaliwa kwa misumari. Ni chuma laini, kaboni yake ni kidogo, hivyo kuupika na kuuzima hakuleti kitu. Unachoweza kufanya ni kuugonga baridi kwenye fuawe, kila pigo likikibana chuma na kukiongezea ugumu. Msumari wa inchi nne una unene wa karibu milimita 4, wa inchi sita unafikia 5 na zaidi, kwa hiyo nyama ipo ya kutosha. Ukiona kingo zinaanza kuchanika kama ukurasa uliolowa, simama. Upashe mpaka uwe mwekundu, uuache upoe wenyewe ndani ya majivu, uanze tena. Ila raundi ya mwisho lazima iwe ya baridi, la sivyo utakuwa na ulimi wa risasi. Sauti ya msumari ni nzito, inazimika mapema, na mimi naipenda kwenye ndimi za chini kabisa za katikati, ambako mlio mrefu sana huwa unawafunika wengine. Kwenye ndimi fupi za juu usiujaribu.

Njiti za mwavuli watu huzipenda kwa sababu mwavuli mbovu haukosekani baada ya masika. Zitazame vizuri. Zile mbavu ndefu nyingi zimekunjwa kama mfereji, na mfereji ukiugonga unapasuka katikati. Msumeno wa mkono wa fundi seremala, uliovunjika, ni hazina: bati lake lina unene wa karibu milimita 1, chuma cha kaboni, tayari kimepikwa. Unakata vipande kwa grainda, ila mwagia maji kila baada ya sekunde chache, maana ukiona rangi ya buluu imetambaa kwenye ukingo ujue ulaini umeanza kuingia. Bleidi ya msumeno wa chuma ni nyembamba mno, haifiki hata milimita 0.7, na nyingi huvunjika kama biskuti ukizikunja. Springi za godoro zinafaa, ila kuzinyoosha ni adhabu. Nilifanya mara moja na sina hamu.

Kisha wapo wanaoniuliza kuhusu zile seti za ndimi 17 zinazouzwa kwenye intaneti, za kalimba za dukani. Zimenyooka, zinapendeza, zina hata herufi za noti zimechorwa. Jibu langu ni hapana. Si kwa sababu ni za kigeni. Spoku za Phoenix zilitoka China pia. Ni kwa sababu zimekatwa kwa ajili ya kisanduku kidogo na kwa mpangilio wa sauti za piano, na ilimba haikupangwa hivyo, kama nitakavyoeleza. Utajikuta unavuta ulimi mfupi nje ya daraja mpaka nyuma hakuna kitu cha kubanwa.

Namna ya kupima chuma usichokijua ni moja na haihitaji kifaa. Bana kipande kwenye jiliwa au chini ya jiwe zito ukingoni mwa meza, kitokeze sentimita 10. Kishushe kwa kidole sentimita 1, ukiachie. Sikiliza kinachukua muda gani kunyamaza, kisha angalia kama kimerudi kilipokuwa. Fanya vivyo hivyo na ulimi mmoja mzima wa zamani. Unatafuta pacha, au walau binamu. Kama ulimi wa zamani unanyamaza baada ya kuhesabu tatu na mpya unalia mpaka saba, weka mpya kando, utafaa siku utakapobadilisha zote.

Sasa vipimo. Sauti ya ulimi inategemea mambo mawili: unene na urefu uliotokeza mbele ya daraja. Upana hauibadilishi sauti. Unaipa nguvu tu. Unene ukiuzidisha mara mbili, sauti nayo inapanda mara mbili, yaani oktavu nzima. Lakini urefu ni mkali zaidi: ukiukata nusu, sauti inapanda mara nne. Ndiyo maana milimita moja ya kusogeza ulimi mfupi inasikika kama kilomita, na kwenye ulimi mrefu huisikii. Ulimi wa chuma wa milimita 1 uliotokeza sentimita 5 hutoa mitikisiko kama 330 kwa sekunde. Huohuo ukiuvuta utokeze sentimita 7, umeshuka karibu oktavu kamili. Tano kwa saba: kariri hiyo, itakuokoa kuharibu chuma kingi. Ukitaka mwenza wa chini wa ulimi uliopo, zidisha urefu wake uliotokeza kwa 7 ugawe kwa 5. Usisahau kuongeza sehemu inayobaki nyuma, chini ya ufito wa kubania hadi egemeo la nyuma, na sentimita moja ya ziada ya kuchezea.

Kwa nini basi tusitumie unene mmoja kwa zote, tukabadilisha urefu tu? Inawezekana, na ilimba nyingi za haraka zimefanywa hivyo. Lakini fumba macho upitishe gumba kutoka katikati kwenda pembeni. Ndimi ndefu zitakuwa zinalegea kama mkia wa mbuzi, fupi zitakuuma ukucha. Mpigaji anataka vidole visikie uzito unaokaribiana safu nzima. Mafundi wa piano hulipima jambo hili kwa gramu. Ufunguo wa katikati huwa wanautaka ushuke kwa gramu 50 hivi. Sisi tunapima kwa gumba. Nene katikati, milimita 1.2 au 1.3, pembeni shuka mpaka 0.8. Shuka kidogo kidogo kati ya jirani na jirani, usiruke. Ncha ya mbele ifanye pana na ya mviringo, uikunje juu kidogo, uipitishe msasa mpaka shavu lako lisione ukali ukiipitisha pale. Gumba la mpigaji linagusa ncha hiyo mara elfu kwa usiku mmoja wa ngoma.

Ufito wa kubania, daraja na egemeo sitakaa navyo sana. Nondo ya milimita 6 inafaa ufito. Daraja liwe chuma kigumu, lenye ukingo mwembamba, kwa sababu daraja la mbao linakunywa sauti. Waya wa kufungia tumia mpya, usirudie wa zamani hata kama unaonekana mzima. Na kaza kidogo kidogo, upande huu, upande ule, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari.

Tukija kwenye kupanga sauti, hapa ndipo simu inapowapotosha vijana. Wanapakua programu ya kupimia noti, wanaona mshale uko pembeni, wanasogeza ulimi mpaka mshale usimame katikati, halafu wanashangaa ilimba inasikika kama kengele ya shule. Programu ile imepangwa kwa piano. Wagogo hawaimbi kwa piano. Sauti zao zinafuata ngazi ya asili, ileile inayotoka kwenye uzi mmoja ukigusa sehemu zake tofauti: ya 6, ya 7, ya 8, ya 9, ya 10, halafu ngazi inajirudia. Sauti ya 7 haipo kabisa kwenye piano. Iko katikati ya funguo mbili, chini ya ile iliyo karibu nayo kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Ukiilazimisha ipande mpaka kwenye mshale, umeua wimbo.

Itumie simu kwa namna nyingine. Chagua programu inayoonyesha mitikisiko kwa namba, siyo herufi. Tafuta ulimi mzima wa zamani ambao mwenyewe anauamini, uusome. Tuseme umesoma 400, na ni sauti ya 8. Gawa kwa 8, unapata 50. Basi ngazi yako yote ni ya hamsini hamsini: 300, 350, 400, 450, 500. Oktavu ya chini ni nusu ya hizo: 150, 175, 200, 225, 250. Ukisoma 384 badala ya 400, hatua yako ni 48, na hesabu ni ileile. Hakuna hesabu ya muziki rahisi kuliko hii, na wazee waliifanya kwa koo zao bila kujua namba hata moja. Kwenye ilimba kubwa zipo pia ndimi ambazo hazipigwi kabisa. Zinaamka zenyewe jirani zikipigwa, zinaongeza mvumo. Hizo zipange kwa uangalifu kuliko hata zinazopigwa, maana zikikosea kidogo hazitaamka.

Ulimi ukikaribia sauti yake, acha kuusogeza. Tumia tupa na nta. Ukikwangua ncha, sauti inapanda. Ukikwangua karibu na daraja, inashuka, ila hapo kuwa na adabu, kwani ndipo nguvu yote ilipo. Njia ya huruma zaidi ni tone la nta ya nyuki chini ya ncha: linashusha sauti na unaweza kulitoa kesho. Nta sisi hatuna haja ya kuiagiza, Itigi na Manyoni ni nchi ya nyuki. Ila omba iliyochujwa; nta yenye asali ndani itakuletea sisimizi, na sisimizi hawajui ngazi ya sauti.

Mafuta. Mkoa huu ukimuuliza mtu mafuta atakuletea ya alizeti, na kwenye mbao ya sanduku ni mazuri, yapake na kitambaa, uyaache yakauke siku kadhaa. Kwenye ndimi usithubutu. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani yanageuka ulimbo, vumbi la kiangazi linanasa, na baada ya mwezi kila ulimi una koti. Tone dogo la mafuta ya cherehani, kisha futa mpaka uone kama hujapaka.

Limebaki tundu la sauti, ambalo si ulimi lakini bila hilo ndimi zako zitasema bila kuimba. Tazama kwenye ukuta wa nyumba ya udongo, nyuma ya mlango au juu karibu na paa. Utaona viduara vyeupe, vimebandikwa bapa kama vipande vya karatasi ya sigara, ukubwa wa sarafu. Ni utando ambao buibui anafunikia mayai yake. Chagua ulioachwa, ambao watoto wameshatoka. Utaujua kwa tundu dogo ukingoni. Uingize wembe chini yake, uuinue bila kuuvuta. Zungushia tundu la ilimba nta iliyopashwa, ulaze utando juu yake, uukaze kwa pumzi tu, siyo kidole. Ukipiga ulimi sasa, sauti inatoka na mvumo wa nyuki nyuma yake. Karatasi ya plastiki ya pakiti ya biskuti inafanya kazi pia. Nimeisikia. Nilirudi kwa buibui.

Ile ya Kintinku nilibadilisha ndimi zote 28, za pembeni kwa gurudumu moja la nyuma, nane za katikati kwa spoku za pikipiki. Ilichukua siku tisa, nyingi za kugonga. Zile 14 nzima za zamani nikazifunga kwenye kitambaa, na ile misumari mitatu yenye vichwa nikairudisha pia, kwa sababu si yangu. Nilishuka nayo mwenyewe. Mwenye ilimba, babu wa yule kijana, alikuwa amekaa chini ya mbuyu; nikamwamkia, akaitikia, akaipokea kwa mikono miwili bila neno. Akapitisha gumba kutoka katikati kwenda kulia, kisha kushoto. Akarudi. Akasimama kwenye ulimi wa nne upande wa kushoto, akaugonga mara tatu, kichwa kimeinama kama anayesikiliza mlango.

"Huyu bado mgeni," akasema.

Akausukuma ndani kwa ukucha, kiasi ambacho macho yangu hayakukiona, akaanza kupiga.